Nani aliandikwa, nani alisahauliwa: kutoka damu ya Yambuku mpaka maji ya Uvira



Siku moja baada ya kipindi chetu juu ya kipindupindu, nilipita mahali wanapokaa wahamaji upande wa Kavimvira. Mama mmoja aliyekuwa anapanga bidoni zake akaniita. Akasema: "Mwanangu, tangu tumefika hapa wametutoboa vidole, wamepima maji ya bidoni zetu, wameandika majina ya watoto wetu. Hizo karatasi zinaenda wapi? Na huko zinakoenda, sisi tunafika?"

Nilimjibu haraka, kama sisi watu wa redio tunavyozoea. Nikasema zinaenda kwa wakubwa wa afya. Mama akanyamaza, akaendelea na bidoni zake. Nilijua kwamba sikumjibu. Basi leo ninajaribu kumjibu kwa njia ndefu, kwa kupitia historia ya mtu ambaye Wakongomani wengi wanajua jina lake: Profesa Jean-Jacques Muyembe Tamfum. Historia yake ni ya ugonjwa, lakini pia ni ya majina: nani anaandikwa katika karatasi za elimu, na nani anaachwa nje.

Kwanza tuelewane juu ya hizo karatasi

Mtafiti wa tiba akimaliza kazi yake, anaiandika katika makala na kuituma kwa jarida la kisayansi. Jarida linawapa wataalamu wengine waisome na kuichunguza kabla haijachapwa. Juu ya makala kunakuwa na orodha ya majina. Katika mambo ya tiba, jina la kwanza kwa kawaida ni la yule aliyebeba kazi kubwa, na la mwisho ni la mkubwa aliyeongoza. Walio katikati walisaidia kila mmoja kwa sehemu yake.

Mwishoni mwa makala kuna orodha nyingine: makala za watu wengine ambazo mwandishi amezitegemea. Kila mara makala yako inapotajwa katika orodha ya mwenzako, ni kama umepata alama moja. Mwaka wa 1964, Mmarekani Eugene Garfield alianza kuchapisha kitabu kikubwa cha kuhesabu nani ametajwa na nani. Mwaka wa 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch wa California akaleta kipimo ambacho leo kinatumika kila mahali. Ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 10, kipimo chako ni 10. Ukiwa na makala 100, lakini 4 tu ndizo zimetajwa mara 4 au zaidi, kipimo chako ni 4.

Mtu anaweza kusema: hayo ni mambo ya maprofesa, yanatuhusu nini sisi tunaotafuta unga? Yanatuhusu. Anayetajwa sana ndiye anayepewa fedha za utafiti unaofuata. Ndiye anayeitwa Geneva kutoa shauri, ndiye anayeamua ni ugonjwa gani utafutiwe dawa na ni mji gani uletewe mabomba. Mwenye nacho huongezewa. Asiye na jina katika orodha hata kama alikuwa wa kwanza kufika kwa mgonjwa, hesabu hiyo haimjui.

Yambuku, 1976

Muyembe alizaliwa mwaka wa 1942 upande wa Bandundu. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, akamaliza mwaka wa 1969, kisha akaenda Leuven, Ubelgiji, kusomea virusi. Alirudi nyumbani akiwa daktari wa virusi wakati ambapo nchi, iliyoitwa Zaire, ilikuwa na wataalamu wa namna hiyo wachache kabisa.

Septemba 1976 habari zikafika Kinshasa kutoka Yambuku, kijiji cha kaskazini katika jimbo la Equateur, penye misheni ya watawa wa Kibelgiji na hospitali ndogo. Watu walikuwa wanashikwa na homa, wanatoka damu, wanakufa. Serikali ikamtuma Muyembe aende kuangalia. Alikuwa na miaka 34.

Alipofika alidhani ni homa ya matumbo au malaria kali. Akaanza kuchukua damu za wagonjwa. Hapakuwa na glavu. Pale alipochoma sindano damu haikukoma kutoka, ikamwagika juu ya mikono yake. Aliosha kwa maji na sabuni. Alichukua pia vipande vya maini ya marehemu. Baadaye alieleza mara nyingi kwamba alinusurika kwa bahati, na kwamba sabuni ile huenda ndiyo iliyomwokoa.

Mtawa mmoja alikuwa na homa. Muyembe akamshawishi waende pamoja Kinshasa ili achunguzwe vizuri. Kule mtawa huyo alikufa. Damu yake ilitiwa katika chupa ya thermos yenye barafu, ikapelekwa kwa ndege ya abiria mpaka Antwerp, Ubelgiji, katika taasisi ya magonjwa ya nchi za joto. Huko kijana mmoja mtafiti, Peter Piot, na wenzake wakafungua chupa. Sehemu ya damu ikapelekwa Uingereza na Marekani. Chini ya hadubini ya umeme wakaona virusi virefu kama uzi, vinavyofanana na vya Marburg lakini si vyenyewe. Wataalamu waliokuja baadaye waliamua kuviita Ebola, jina la mto ulio upande ule, ili kijiji cha Yambuku kisibaki na aibu ya ugonjwa milele.

Tume ya kimataifa iliyofanya kazi pale ilihesabu wagonjwa 318, na 280 kati yao walikufa. Ilieleza pia sababu moja kubwa: hospitali ilikuwa inagawa sindano tano tu kila asubuhi, na hizo zikatumiwa kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine siku nzima. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walifariki.

Machi 1977, jarida la The Lancet la London likachapa makala tatu juu ya virusi vipya: moja ya watu wa Antwerp, moja ya Waingereza, moja ya Wamarekani. Ukizisoma leo, juu yake utaona majina ya watu walioona virusi chini ya hadubini. Jina la Muyembe halimo hata katika moja.

Hapa tuwe waangalifu, kwa sababu sisi watu wa habari tunapenda hadithi ya mwizi na mwibiwa. Ugunduzi ule haukuwa kazi ya mtu mmoja. Zaire haikuwa na maabara ya kuona virusi vile, na wale wa Antwerp walifanya kazi ya hatari bila vifaa vya kutosha. Piot hakudanganya aliposimulia aliyoyaona. Lakini hesabu ilianza kuandikwa pale maabara ilipofungua chupa. Safari ya kwenda Yambuku, mikono yenye damu, na uamuzi wa kumtoa mgonjwa kule msituni mpaka Kinshasa havikuhesabiwa. Na kwa kuwa makala zilizofuata zilinakili orodha za makala za kwanza, kosa la mwaka mmoja likawa historia ya miaka arobaini. Watoto shuleni, hata hapa kwetu, walifundishwa kwamba Ebola iligunduliwa na Wazungu.

Kikwit, 1995: wazo lililokataliwa

Muyembe aliendelea na kazi. Mwaka wa 1995 Ebola ikazuka Kikwit, mji mkubwa. Watu 315 waliugua, na karibu wanane katika kila kumi walikufa. Madaktari wa Kikwit pamoja na Muyembe wakafikiri hivi: aliyepona ana kinga katika damu yake, kwa nini tusimpe mgonjwa damu ya aliyepona? Wakawapa wagonjwa 8. Saba wakaishi.

Kazi hiyo ilichapwa mwaka wa 1999 katika The Journal of Infectious Diseases. Angalieni majina safari hii. La kwanza ni la Mupapa, daktari Mkongomani. La mwisho ni la Muyembe. Karibu wote walio katikati ni Wakongomani. Walikuwa wamejifunza kwamba anayefanya kazi na asiandike, ataandikwa na wengine au hataandikwa kabisa.

Lakini jina kuwemo katika karatasi haitoshi. Inafaa usomwe na uaminiwe. Wataalamu wa nje walisema wagonjwa 8 ni wachache, hapakuwa na kundi la kulinganisha, na huenda hao walipona kwa sababu walihudumiwa vizuri zaidi au walikuwa wamekwisha kupita siku za hatari. Pingamizi hilo lilikuwa na haki kisayansi. Ila wazo lenyewe halikufa. Watafiti wa Marekani walichukua damu ya mtu aliyepona Kikwit, miaka 11 baada ya ugonjwa wake, wakapata ndani yake kinga yenye nguvu. Matokeo yakachapwa katika jarida la Science mwaka wa 2016, na jina la Muyembe liko kati ya waandishi. Kinga hiyo ikaitwa mAb114.

Mwaka huohuo wa 2016, watu waliokuwa Yambuku na waliokuwa katika maabara za nje waliandika pamoja makala ya kukumbuka miaka arobaini. Piot yumo, Muyembe yumo. Ndipo orodha ikaanza kusahihishwa.

Beni, Butembo, na Mwenga

Mnakumbuka wenyewe Ebola ya 2018 mpaka 2020, ya Kivu ya Kaskazini na Ituri. Wagonjwa walikuwa 3,470, waliokufa 2,287. Agosti 2019 iligusa hata jimbo letu, Mwenga, na hapa Uvira tukaanza kunawa mikono kila mlango.

Katikati ya ugonjwa huo, na katikati ya risasi, jaribio kubwa la dawa lilifanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Lilianza Novemba 2018. Wagonjwa 681 walipewa moja kati ya dawa nne kwa bahati nasibu, hivyo lile pingamizi la Kikwit likapata jibu: safari hii kulinganisha kulikuwepo. Kwa dawa ya ZMapp, karibu nusu ya wagonjwa walikufa ndani ya siku 28. Kwa mAb114, ile iliyotoka katika damu ya mtu wa Kikwit, walikufa asilimia 35. Kwa dawa nyingine, REGN-EB3, asilimia 33.5. Agosti 2019 jaribio likasimamishwa ili wote wapewe hizo mbili zilizo bora.

Makala ikachapwa mwaka huohuo katika The New England Journal of Medicine, jarida ambalo madaktari wengi duniani hulisoma. Jina la kwanza: Sabue Mulangu, Mkongomani. La mwisho: Muyembe. Kati ya 1977 na 2019 ni miaka 42. Ukiweka karatasi hizo mbili kando kwa kando, utaona safari ya nchi nzima katika majina tu.

Muyembe, akiwa mkuu wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, INRB, aliamua pia kwamba damu zilizochukuliwa katika ugonjwa ule zisitoke nchini. Anayetaka kuzichunguza aje azichunguzie hapa. Mwaka wa 2019 Japani ilimpa tuzo ya Hideyo Noguchi, na Februari 2020 jengo jipya la INRB lilifunguliwa kwa msaada wa Japani. Mambo haya yanashikana: anayeandika anatajwa, anayetajwa anapata maabara, mwenye maabara halazimiki tena kutuma damu kwa thermos.

Turudi ziwani

Sasa nimjibu mama wa Kavimvira, kwa sababu na sisi tumo katika karatasi hizo kuliko tunavyojua.

Mwaka wa 2008, Didier Bompangue, Mkongomani, na wenzake walichapa katika jarida la Emerging Infectious Diseases makala fupi iliyosema kwamba kipindupindu cha Kongo kina makao yake katika miji ya maziwa ya mashariki, na kwamba kutoka huko ndiko kinakosambaa. Sisi wa ukingo wa ziwa tulikuwa tunajua kwa macho. Sasa likawa jambo lenye ramani na hesabu. Mmoja wa waandishi wa makala ile, Mfaransa Renaud Piarroux, alitumia njia ya kazi hiyo miaka michache baadaye kutafuta chanzo cha kipindupindu cha Haiti cha 2010. Elimu iliyopatikana Kivu ikasaidia kisiwa cha ng'ambo ya bahari.

Mwaka wa 2015 jarida la PLoS Medicine likachapa kazi iliyofanywa Uvira yenyewe. Watafiti walichukua madaftari ya wagonjwa wa kituo cha kutibu kipindupindu na kuyalinganisha, siku kwa siku, na kiasi cha maji kilichotoka kwenye mtambo wa Regideso, tangu 2009 mpaka 2014. Wakaona hivi: siku ambayo maji ya bomba hayakutoka kabisa, wagonjwa waliopokelewa katika siku 12 zilizofuata waliongezeka kwa asilimia 155, ukilinganisha na wakati mtambo unapofanya kazi sawasawa. Na karibu robo ya wagonjwa wote, asilimia 23, walitokana na upungufu wa maji ya bomba.

Jina la kwanza katika makala ile ni la mtafiti wa London. La pili ni la daktari Jaime Mufitini Saidi, na yanafuata majina mengine ya watu wa kwetu. Hiyo ni hatua. Lakini fikirini ni nani aliyejaza yale madaftari. Ni muuguzi wa zamu, usiku, kwa mwanga wa tochi, anayeandika umri, mtaa na saa ya kuingia huku mgonjwa mwingine analetwa kwenye pikipiki. Kama angeandika ovyo, hesabu yote ingeanguka. Na fundi wa mtambo aliyeandika kila siku maji mangapi yametoka, naye ni hivyohivyo.

Na majuzi, ugonjwa wa mpox. Katika mji wa madini wa Kamituga, tangu Septemba 2023, wauguzi waliona vipele visivyo vya kawaida kwa watu wazima. Mwaka wa 2024 makala zikatoka juu ya aina mpya ya virusi: moja katika Eurosurveillance, ikiongozwa na Leandre Murhula Masirika, nyingine katika Nature Medicine, ikiongozwa na Emmanuel Hasivirwe Vakaniaki, iliyoeleza wagonjwa 241 walioshukiwa, 108 wakathibitishwa. Tarehe 14 Agosti 2024, OMS ikatangaza hatari ya dunia nzima. Majina ya kwanza katika makala zote mbili ni ya Wakongomani, na hawakungoja miaka arobaini.

Hesabu isiyotosha

Sitaki mfikiri kwamba kutajwa mara nyingi ndiyo thamani yote ya mtafiti. Makala inaweza kutajwa sana kwa sababu ina kosa na kila mtu anaipinga. Jarida la Kiingereza linasomwa kuliko la Kifaransa, na la Kiswahili halionekani sana katika hesabu hiyo. Mwaka wa 2012 wanasayansi waliokutana San Francisco walitoa tamko kwamba mtafiti asipimwe kwa sifa ya jarida alimochapa, bali kwa kazi yenyewe. Muyembe wa 1976 angepimwa kwa makala za mwaka ule juu ya Ebola, angepata sifuri. Na ndiye aliyekuwa na damu mikononi.

Basi, mama, jibu langu ni hili. Jina lako na la watoto wako halipaswi kuonekana katika makala; ugonjwa wako ni siri yako, na kukuficha ni kukulinda. Kinachopaswa kufika ni mji wako, hali yako, na majina ya waliofanya kazi. Na wewe una haki ya kumwuliza kila anayekuja na karatasi: unatafuta nini? Nani wa hapa yumo katika kazi hii? Matokeo yatarudi lini, kwa lugha ninayoisikia? Una haki pia ya kukataa, na dawa usinyimwe kwa sababu hiyo.

Mimi pia nina deni. Katika kipindi changu cha kipindupindu nilitaja wageni watatu waliokuja kwa gari. Wauguzi waliokesha sikumtaja hata mmoja. Nilifanya katika redio yaleyale yaliyofanyika katika karatasi za 1977. Kuanzia sasa, nikitangaza utafiti wowote, nitauliza kwanza nani alijaza daftari, na akikubali nitamtaja.

Juma lililopita nilirudi Kavimvira nikamsimulia mama haya yote: Yambuku, Kikwit, na ile makala ya 2015 iliyohesabu siku zetu bila maji. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Kwa hiyo wanajua tangu 2015 kwamba bomba likikauka tunaugua?"

Nikasema ndiyo, mama, imeandikwa.

Akainua bidoni moja tupu, akaniangalia. "Sasa nenda uwaulize kwa nini limekauka leo."